Juisi isiyonyweka: miezi minane na resini ya epoksi

Nauza juisi Sinza. Mbele ya kibanda nina kabati la vioo, na kwa miaka miwili nilikuwa napanga humo glasi za juisi halisi ili mpita njia avutike. Ukwaju ukiuweka saa mbili asubuhi, saa sita umeshajitenga: tope chini, maji juu, na nzi wameshapata habari. Kila jioni nikimwaga glasi nne. Ndiyo nikaamua kutengeneza juisi za maonyesho tu, nikanunua resini ya epoksi, kimiminika ambacho kikichanganywa na kigumishi chake huganda kikawa kigumu na angavu kama kioo: chupa mbili, A ni resini na B ni kigumishi, kilo moja na nusu kwa shilingi 70,000.

Kosa la kwanza ni langu. Maelezo yalisema changanya sawa kwa sawa kwa ujazo, mimi nikapima kwa mzani wa jikoni. Kigumishi ni chepesi kuliko resini, kwa hiyo gramu zikilingana, kigumishi kinakuwa kimezidi. Siku tatu baadaye glasi bado inanata vidoleni kama sukari guru.

La pili namwachia muuzaji. Nilimweleza wazi kwamba nataka kujaza glasi, akanijibu, "Dada, zote ni zilezile." Aliyonipa ilikuwa ya kupaka juu ya meza, tabaka jembamba tu. A na B zikikutana zinatoa joto, na ukimimina nyingi kwa mkupuo joto linakosa pa kutokea. Nilijaza kikombe cha plastiki hadi juu, mchana wa Januari. Haikupita nusu saa hakishikiki, kimepinda kiuno, kinanuka, na ndani kumepasuka kama kioo kilichopigwa jiwe. Siku hizi namimina sentimita moja, nasubiri igande kama jeli, ndipo naongeza. Glasi moja inakula siku mbili.

Ukwaju ulitoka vizuri mno. Tone la rangi ya kahawia ya akriliki, basi. Ule ukungu wake unaficha viputo vyote. Kwenye pasheni nilitumia mbegu zenyewe, nimeziosha na kuzianika. Chache zilibaki na unyevu, zikazungukwa na wingu jeupe. Uzuri wa kumimina kidogo kidogo nikauona hapo: mbegu unazitawanya kila tabaka, zinaonekana zinaelea badala ya kurundikana chini.

Kinachotesa ni maji. Ungedhani glasi ya maji ndiyo rahisi, haina rangi wala mbegu, kumbe haina pa kuficha aibu. Kila kiputo kinakutazama, na ukiinamia unaona mstari wa tabaka. Kuiweka chupa A kwenye beseni la maji ya vuguvugu kabla ya kuchanganya kulipunguza viputo, ila mchanganyiko nao ukawa unaganda haraka zaidi.

Yale matone ya baridi nje ya glasi si resini. Ni gliserini ya duka la dawa na maji, nusu kwa nusu, napulizia asubuhi na yanakaa mpaka nafunga. Ndicho kitu cha bei ndogo kuliko vyote na ndicho kinacholeta wateja: "Dada, nipe hiyohiyo ya baridi." Ilibidi nibandike SI YA KUNYWA baada ya mtoto wa jirani kupanda stuli na kuufyonza mrija kwa bidii zote.

Glavu vaa, na usichanganyie chumba kilichofungwa. Mimi nilijifanya mjuzi, vidole vikanitoka vipele wiki nzima.

Naipa nyota tatu kati ya tano. Nitanunua tena, lakini ile ya kumimina nene, na kwa muuzaji mwingine. Nyota moja nimeikata kwa sababu ya jua: kabati langu linatazama magharibi, na kufikia mwezi wa tano maji yalikuwa yameshageuka manjano. Sikuyatupa. Nimeyabandika karatasi nyingine, sasa ni juisi ya tangawizi.