Waliung'arisha usiku wa Tucumcari, wakaizima neoni

Sizunguki: picha yoyote ya usiku msiipeleke kwenye duka lile la kuchapa kanvasi. Za mchana pelekeni mkitaka. Au hata hizo, ngojeni kwanza nimalize.

Mchoro niliowapelekea wanichapie kwenye kanvasi ni wa Blue Swallow Motel, gesti ya Tucumcari, New Mexico, Marekani, kando ya ile barabara kuu ya zamani, Route 66. Jengo la 1939, kuta za waridi, gereji ubavuni mwa vyumba, na bango la neoni (mirija ya gesi inayowaka kwa rangi) lenye mbayuwayu wa buluu na maneno "100% Refrigerated Air", yaani hewa iliyopozwa asilimia 100. Gesti nzuri kuliko hiyo ziko tele. Kinachowavuta watu ni lile bango kuwaka gizani na kumwambia dereva aliyeshinda barabarani kwamba kitanda kipo. Magari yalipohamia I-40, barabara kuu mpya, na Route 66 ikafutwa rasmi mwaka 1985, hamu ya kuliona ndiyo kwanza ikazidi. Kwa hiyo katika picha hii giza ndilo mtaji.

Sasa duka limefanya nini? Limeongeza mwanga! Bila kuuliza. "Bosi, ilikuwa na giza mno, tumekung'arishia bure."

Bure! Kanvasi haiwaki kama kioo cha kompyuta, inarudisha tu mwanga unaoipiga, na waridi au buluu kali ya kwenye skrini wino hauifikii. Mchoraji analijua hilo. Katikati ya mrija wa neoni ameweka rangi inayokaribia nyeupe, pembeni yake mstari mwembamba wa rangi kali, kisha ukungu wa rangi hiyohiyo unaofifia taratibu hadi kwenye anga ya buluu nzito. Jicho likiona hivyo linadanganyika kwamba kitu kinawaka. Ukiinua mwanga wa picha nzima, anga inageuka kijivu, ukungu unakosa giza la kufifilia, na ule weupe wa katikati unapanuka na kuumeza mstari wa rangi. Bango langu sasa ni kama limeandikwa kwa chaki. Hata lami iliyolowa mbele ya ofisi, ambako rangi za bango zilikuwa zinateleza kwa michirizi mirefu, imebaki sakafu ya saruji.

Niwe mwadilifu: fundi wa fremu ana mkono. Kona zimekunjwa bapa, pini za nyuma zimepangwa karibu karibu, na kabari nane za kukazia zimo, mbili kila kona. Huku pwani kanvasi hulegea kwa unyevu, na bila kabari utaitundika ikiwa na tumbo. Kwa hilo nilikuwa tayari kuwasamehe nusu.

Halafu ukiitazama kwa ubavu unaukuta mkia wa mbayuwayu. Faili ilikuwa na pikseli 5,400 kwa 3,600, inatosha uso wa sentimita 90 kwa 60 kwa nukta 150 kwa inchi, lakini mbavu za fremu, zile pande zenye unene wa sentimita 4 ambako kanvasi hukunjwa, haizitoshi. Kazi ya anayejua ni kuzipaka mbavu nyeusi, au kurudia ukingo wa picha kinyumenyume kama kwenye kioo. Hawa wameivuta picha yenyewe ikazunguka pembeni, ndege akakatwa. Kijana wa kaunta alipoonyeshwa akajibu, "Wenzako hawalalamiki," akarudi kwenye simu yake.

Mkilazimika kwenda, andikisheni kwenye oda: mwanga usiguswe, mbavu nyeusi. Daini kipande cha majaribio cha sentimita 10 hivi, kikatwe palepale penye bango, si angani, na kichapwe kwenye kanvasi ileile kwa profaili ya rangi ya printa hiyo, yaani mipangilio inayolinganisha rangi za faili na wino na kanvasi yake. Kitazameni chini ya taa ya sebuleni, maana taa zao za dukani ni kali na zinaficha makosa. Kanvasi isiyong'aa hupausha weusi, kwa hiyo wino ukishakaa siku nzima waombeni vanishi, ipakwe mara mbili, nyembamba. Ndiyo inayorudisha kina cha giza.

Nilitaka kuwapa nyota tatu kwa ajili ya yule fundi wa fremu. Lakini kila nikikumbuka "wenzako hawalalamiki"... Moja. Na hiyo moja apewe yeye, asigawane na mtu wa kaunta.