Rekodi za hipnosi kwa watoto: nyumbani kwangu aliyefaidi ni wa miaka tisa

Nilinunua rekodi hizi za hipnosi, yaani sauti inayomtuliza mtoto na kumwongoza azamishe mawazo kwenye jambo moja, kwa ajili ya mwanangu wa kati, ambaye tumbo lilikuwa likimsokota kila Jumapili jioni na tena Jumatatu kabla basi la shule halijapiga honi getini. Daktari alishampima choo na mkojo, akampa dawa ya minyoo, akasema haoni ugonjwa. Rekodi ni kumi na mbili, za kupakua kwenye simu, shilingi 1,500 kwa M-Pesa. Muuzaji anasema zinamfaa mtoto yeyote wa miaka mitatu hadi kumi na mitano. Mimi ninao watatu, wa miaka minne, tisa na kumi na minne, na hapo kwenye "yeyote" ndipo nina neno naye.

Kitinda mimba kwanza. Sauti inamwambia afumbe macho, apumue polepole, ashuke ngazi kumi huku ikihesabu. Wangu alishuka kweli. Aliteremka kitandani, akasimama mlangoni, akauliza ngazi ziko wapi. Nilipomlaza tena akawa anahesabu pamoja na yule mama wa kwenye simu, kwa sauti kumshinda, na kumi ilipofika yeye akaendelea hadi ishirini. Wanaofanya hipnosi na watoto wadogo kama huyu hawawashurutishi kufumba macho. Wanapitia kwenye mchezo: mwanasesere, hadithi, kupuliza mapovu ya sabuni. Basi nikazima simu, nikamchukua sungura wake wa kitambaa, nikamwambia sungura amekosa usingizi na anaomba afundishwe kupumua. Mwalimu alilala kabla ya mwanafunzi, na hilo halikunigharimu hata bob.

Kuna pia rekodi ya kukomesha kukojoa kitandani, eti kuanzia miaka mitatu. Hapo waliona pesa tu. Mtoto wa chini ya miaka mitano kulowesha godoro usiku si tatizo la kutibiwa. Nunua mpira wa kutandika, mvumilie.

Kwa wa miaka tisa mambo yalikuwa mengine kabisa. Watoto wa umri wa shule ya msingi, hasa wa kati ya miaka minane na kumi na miwili, huingia kwenye hipnosi upesi kuliko watu wazima. Rekodi ya tumbo ni nzuri, lazima niseme. Inamwambia aweke kiganja chini ya kitovu, afikirie kwamba kiganja kimepata joto, kisha aliache lile joto lizame ndani mpaka lifike pale panapouma. Haimwambii "hauumwi", ambayo mtoto anajua ni uongo. Na si jambo la kubuniwa na wauzaji: mwaka 2017 madaktari wa Uholanzi walichapisha utafiti wa watoto 260 wa miaka 8 hadi 18 wenye maumivu ya tumbo ya aina hiyo. Baadhi walikutana na mtaalamu ana kwa ana, wengine walisikiliza CD nyumbani. Mwaka mmoja baadaye, wa CD hawakuwa wameachwa mbali. Lakini hao walikuwa wameshapimwa hospitalini, jambo ambalo tangazo la muuzaji wangu haligusii.

Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Murang'a kwa kliniki ya macho. Akamkuta mjukuu amelala chali, spika masikioni, mkono tumboni, macho yamefumba. "Mama Wambui, huyu mtoto mnamfanyia nini? Mnamtoa akili?" Nikamwambia, shosho, hajalala na hajapumbazwa, anasikia kila kitu. Hakuniamini. Akasogea hadi kitandani akasema, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba mandazi yameiva. Kijana aling'oa spika na kuwa jikoni kabla sijafunga mdomo. Tangu hapo shosho hana neno na hipnosi, ila anauliza kama ipo ya magoti.

Maumivu bado humrudia mara mojamoja, lakini sasa ninamwona ndani ya basi ameingiza mkono chini ya sweta bila kuambiwa na mtu. Sifa zote sizipi rekodi, maana muhula uleule walibadilishiwa mwalimu wa hesabu.

Wambui, wa miaka kumi na minne, alisikia "rafiki yangu mdogo" akarudisha simu. Simlaumu. Baadaye alijichukulia mwenyewe ile ya hofu ya mtihani, akawa anaisikiliza chumbani mlango umefungwa, na nilipouliza inasaidia akasema, "Iko tu sawa, mum." Kwa umri huo hiyo ni nyota tano. Usimsimamie, ukimsimamia tu, ameacha.

Kasoro kubwa ni ya utengenezaji. Rekodi za usiku zinamalizia kwa sauti changamfu: moja, mbili, tatu, fumbua macho, umejaa nguvu! Saa tatu na nusu usiku, mtoto ameshachukuliwa na usingizi! Hiyo ni ya mchana. Ya usiku inapaswa kufifia yenyewe. Sasa ninakaa na kidole tayari niikate kabla ya kufika hapo. Tena zote ni za Kiingereza, na moja inamshusha mtoto kwa lifti ndani ya jumba la theluji. Sisi tuko ghorofa ya tano Umoja, lifti hatuna. Niliandika maneno ya ile ya tumbo kwa Kiswahili, nikamsomea mwenyewe, naye anaipenda kuliko ya asili.

Usizicheze kwenye gari, dereva naye ana masikio. Mtoto mwenye kifafa, uliza daktari wake kwanza. Nyota tatu, zote za miaka tisa. Niliwaandikia kuhusu zile sekunde za mwisho, wakanijibu kwa kunitumia punguzo la rekodi za watoto wachanga. Ile ya kukojoa kitandani nimeifuta, simu ilikuwa imejaa.