Wosia wa Kaizari haukusomwa jukwaani: uzoefu wangu wa tamasha la ufukweni Mwanza

Nikimkumbuka yule MC, mpaka leo naandika kwa hasira.

Tamasha lilikuwa ufukweni hapa Mwanza, wikiendi moja ya kiangazi kilichopita. Bendi baada ya bendi, na katikati wakaweka tamthilia ya Juliasi Kaizari, mtawala wa Roma. Ndiyo, ya Shakespeare, kwa ile tafsiri ya Mwalimu Nyerere iliyotoka 1963, yeye akiwa Rais tayari. Ningekosaje? Nikalipia VIP, yaani kiti cha plastiki kilichovishwa kitambaa cheupe, na soda ya moto. Vyoo tuviache.

Vijana wa watu walikuwa wamejiandaa, jamani. Migolole wameivaa lubega, hakuna pazia wala mapambo, ziwa liko nyuma yao. Kaizari alipochomwa visu, waliosimama nyuma walipiga ukunga kama msibani. Mzee mmoja nyuma yangu akauliza kwa sauti, “Na Brutus naye yumo?” Mama muuza sato aliacha karai lake jikoni akaja mbele.

Halafu akaingia Antony, rafiki wa Kaizari, na maiti. Mnaijua ile hotuba: anamwita Brutus, mmoja wa waliomchoma Kaizari, mtu wa heshima, anarudia, anarudia tena, mpaka heshima yenyewe inageuka tusi. Kisha anatoa karatasi. Wosia wa Kaizari huu hapa, lakini siwasomei, utawaumiza. Ujanja wote uko hapo: anakataa ili wamlilie. Kwenye tamthilia wanaolia ni raia wa Roma, waigizaji. Siku ile walilia watu wa Mwanza, bila kufundishwa na mtu. “Soma! Soma wosia!” Kiwanja kizima. Vinyweleo vilinisimama.

MC akasikia kelele, akapanda jukwaani. “Mwanza! Najua mmechoka na hadithi! Mnataka muziki, si ndiyo?”

Besi ikafunguliwa. Antony amebaki na karatasi mkononi. Kaizari, maiti, akainuka, akakaza mgolole wake akashuka ngazi.

Yaani mtu anapigiwa kelele za “soma” yeye anasikia “cheza”! Nikamfuata mmoja wa waandaaji, kijana mwenye kitambulisho shingoni, nikamwambia kwa upole kabisa: mdogo wangu, waacheni wamalizie, watu wanataka. Hakuinua hata macho kwenye simu. “Mama, hili ni tamasha la muziki. Ukitaka darasa nenda shule.”

Shule! Mimi niliyelipia kiti chake cha kitambaa! Na asiniambie mtu kwamba tamthilia haifai kiwanjani. Tamthilia hii hii ilichezwa London mwaka 1599, enzi za Globe, ukumbi ambao katikati hauna paa, na wenye peni moja walisimama chini kwenye ua wakiangalia. Mwaka 2012 kundi kutoka Kenya lilicheza Shakespeare kwa Kiswahili kwenye Globe iliyojengwa upya, na hakuna aliyewapandia jukwaani kuuliza kama watu wamechoka. Hapa kwetu, ambako watu walishajaa na kushiriki wenyewe, ndipo tunakatwa. Nilifika mahali pa kuandika: msiende, wezi hawa.

Nimefuta, kwa sababu ya yule Antony. Alishuka na karatasi yake akaenda kusimama upande wa wauza samaki, bila maiki, akaanza kusoma. Kila raia anapewa drakma 75. Bustani za Kaizari zilizo upande huu wa mto Tiber ni zenu, mtembee humo ninyi na watoto wenu. Muuza sato akadakia, “Na sisi zetu tunachukulia wapi?” Watu wakacheka, Antony akamjibu kwa mkono tu, akaendelea. Nilikuwa nimeshaacha kiti changu, nimebanwa kati ya majiko, moshi machoni, wadudu wa ziwani usoni, maneno mengine yanamezwa na spika. Sijawahi kufaidi mchezo wa kuigiza namna ile.

Sasa nisemeje? Nendeni, lakini msilipe VIP, utamu wote uko kwa waliosimama. Hapana, hata hivyo nakereka: kwa nini kijana mwenye kipaji kile asomee kwenye karai la mafuta wakati jukwaa lipo na nimelilipia? Waandaaji hawastahili hata nusu nyota. Wale vijana wapeni zote.

Mmoja wao aliniambia wanatamani siku nyingine walete Mabepari wa Venisi, tamthilia nyingine ya Shakespeare. Nikawaza Shylock, yule mkopesha fedha, ananoa kisu mahakamani, Portia amejivika uwakili, yuko karibu kufungua mdomo, na MC anapanda… Nitaenda. Ila nitakaa kwenye ngazi za jukwaa, na atanipita juu yangu.