Simu ya laini mbili kwa mtu wa nchi mbili: inafaa, ukiipanga kabla ya safari

Kwa anayekwenda na kurudi kati ya nchi mbili, simu moja ya laini mbili ni bora kuliko kubeba simu mbili, na ni nafuu kuliko kutegemea romingi tu, yaani kutumia laini ya nyumbani kwenye mtandao wa nchi nyingine. Laini ya nyumbani inabaki kupokea meseji za benki. Ya ugenini inabeba data na simu za kila siku.

Kabla ya kununua, weka laini ya kampuni nyingine ujaribu kupiga. Simu ikidai namba ya kufungulia mtandao, imefungwa kwa kampuni moja; iache. Chungulia na trei ya laini, maana kwenye simu nyingi laini ya pili na memori kadi hugombea nafasi moja. Kama nchi mojawapo imeshazima 2G na 3G, simu isiyo na VoLTE (uwezo wa kupiga kupitia 4G) itaperuzi lakini haitapiga.

Salio ndilo huumiza zaidi. Ukiacha data ya romingi wazi kwenye laini ya nyumbani, programu zinazojisasisha zitamaliza vocha kabla hujatoka uwanja wa ndege. Izime, chagua laini ya ugenini kuwa ya data, kisha zima pia kipengele cha simu kuhamisha data yenyewe kati ya laini. Wengi hukisahau hiki. Halafu kuna ujumbe wa sauti: simu usiyoipokea hukufikia ugenini kisha hurudishwa nyumbani kurekodiwa, na unaweza kutozwa njia zote mbili. Piga ##002# kufuta uelekezaji wote wa simu kabla ya kuondoka.

Huduma yenyewe ya romingi, ya simu na meseji, iwashe ukiwa bado nyumbani, kwani menyu za nyota na reli mara nyingi hugoma ugenini.

Kasoro ya simu hizi ni kwamba nyingi, ukiongea kwa laini moja, nyingine haipatikani. Kasoro ya laini za vocha ni nzito zaidi: isipotumika muda mrefu hufungwa, na namba inaweza kupewa mtu mwingine, na meseji zako za benki zikamfuata. Tuma hata meseji moja ya kulipia kabla muda haujaisha. Namba ya PUK, ya kufungulia laini iliyojifunga, yenye tarakimu 8, iandike kwenye kitu unachosafiri nacho: PIN ikikosewa mara 3 laini hujifunga, PUK ikikosewa mara 10 laini imekufa, na mbadala wake kwa kawaida hutolewa nchi ilikotoka.