Kukaza au Kulegeza Springi ya Vali ya Moshi

Katika injini ya mipigo miwili, vali ya moshi hupunguza kimo cha tundu la kutolea moshi mizunguko inapokuwa michache, kisha hulifungua lote injini inapokimbia. Katika pikipiki ambazo vali yake huendeshwa na gololi zinazosukumwa nje kwa kasi ya mzunguko, springi ndiyo inayoamua vali ifunguke lini.

Ukiikaza, vali huchelewa na nguvu huja taratibu, hivi kwamba anayepanda kutoka Moshi kwenda Kibosho kwenye utelezi wa masika hushika njia bila gurudumu la nyuma kuzunguka bure. Ukiilegeza, vali huwahi, na nguvu huja kwa kishindo. Raha hiyo inafaa kwenye uwanja mpana, lakini injini hudhoofika kwenye mizunguko ya chini. Arusha, iliyo takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi imekwisha kupunguza nguvu, kwa hiyo kulegeza kupita kiasi huzidisha udhaifu huo.

Mimi huchagua kukaza, robo mzunguko kwa mara moja, baada ya kutia alama ya rangi mahali skrubu ya kukazia springi ilipokuwa. Hata hivyo, fungua kifuniko cha vali kwanza: masizi yanayonata kama lami huikwamisha vali, na fundi asiyeyaona hushinda akikaza na kulegeza (nimewahi kuwa huyo fundi) ilhali kilichohitajika ni kitambaa, petroli na brashi.