Nimesagisha kaunta ya terazo badala ya kuweka graniti: uzoefu wangu

Kila fundi niliyemwonyesha jiko langu alikuwa na jibu moja: vunja, weka graniti. Nyumba ni ya zamani, hapa Tanga, na kaunta ni terazo iliyomwagwa palepale, vipande vyeusi na vyeupe vya mawe ndani ya saruji. Ilishafubaa, ina njano ya binzari karibu na jiko la gesi, na pembeni mwa sinki imeliwa vitundu. Lakini ukiigonga ni nzima, haina ufa. Kuivunja kungeng'oa na vigae vya ukutani, pengine hata bomba, na huko ndiko hela inakoishia.

Mwishowe nikampata fundi anayesaga sakafu za terazo. Alidondosha maji juu ya kaunta, yakanywewa palepale, rangi ya jiwe ikakolea. "Dada, hii imechoka ngozi tu. Chini kuna mali."

Anatumia grenda ndogo yenye diski za almasi na maji yakitiririka, kuanzia namba 50, iliyo kali, hadi 3000, iliyo laini kabisa. Kilichonifurahisha ni kwamba baada ya kusaga mara ya kwanza alisimama, akaosha, akaziba vitundu kwa saruji nyeupe na unga wa marumaru, akaondoka hadi saruji ishike kwa siku kadhaa. Mwenye haraka angeng'arisha siku ileile, na viraka vingechomoka. Rangi aliijaribu kwanza kwenye kipande cha kigae, kwa sababu saruji ikikauka hupauka. Ukiinama upande wa dirisha bado utaviona viraka. Mimi havinisumbui.

Kero ni tope. Maji ya kusagia ni uji wa saruji, na msaidizi wake alikuwa anayaelekeza kwenye sinki. Nilimzuia, maana yakituama kwenye bomba yanaganda humo. Ndoo inatosha: yatulie, mashapo yakatupwe. Kabati za chini zifunikwe nailoni kabla hawajawasha mashine. Pembe za ndani diski haifiki, zilisuguliwa kwa mkono na hazina mng'ao ule ule. Hapo nilikata kidogo kwenye malipo.

Bei haikufika theluthi ya ile ya graniti niliyotajiwa. Kuna aliyenishauri nipake epoksi, ile gundi ya plastiki inayoganda ngumu, ya kuigiza marumaru. Inapendeza, ila sufuria ya wali ikitua juu yake kutoka motoni inaacha alama. Terazo inastahimili zaidi sufuria ya moto. Inachokiogopa ni ndimu, siki na ukwaju, vinavyokula marumaru na saruji. Dawa aliyopaka mwisho inazuia mafuta na binzari visipenye, ndimu haiizuii, kwa hiyo nakatia ubaoni na kufuta mara moja.

Kwa kaunta ya terazo isiyo na ufa, nampa fundi huyu nyota nne. Kama yako ni ya mbao iliyobandikwa fomaika (karatasi ngumu ya plastiki), ikishavimba kwa maji hakuna cha kusaga hapo, badilisha tu.