Koha katika vyuo sita, katalogi moja: uzoefu wangu Kisumu

Mwanafunzi wa uuguzi alisimama mbele ya kaunta yangu akaniambia, "Madam, nimekitafuta kile kitabu cha ukunga rafu nzima. Hakipo." Zamani ningemwambia arudi mwezi ujao. Siku hiyo niligeuza skrini akajionea mwenyewe: nakala mbili ziko Kakamega, moja haijaazimwa na mtu. Akaiwekea oda palepale. Baada ya siku mbili kitabu kikafika na matatu kupitia Mbale na Kiboswa, kimefungwa karatasi ya kaki, jina la maktaba yetu limeandikwa juu kwa kalamu ya wino mzito.

Nawaandikia wakutubi wenzangu wanaoniuliza kama Koha, programu ya kompyuta ya kuendeshea maktaba, inaweza kuunganisha maktaba za vyuo tofauti. Inaweza, nami ningeichagua tena. Ila mjue mapema kwamba kuiweka kwenye seva kulituchukua siku chache, na kukubaliana jinsi ya kuandika jina la mwandishi mmoja kulituchukua mwezi.

Koha ilitengenezwa Nyuzilandi mwaka 1999 kwa ajili ya maktaba za eneo la Horowhenua, ikaanza kazi mwanzoni mwa 2000, kwa sababu mfumo waliokuwa nao ulihofiwa kugoma mwaka ukigeuka kuwa 2000. Jina ni la Kimaori, maana yake zawadi. Waliitoa bure pamoja na msimbo wake, na hadi leo halipiwi leseni. Seva, stima na fundi anayeijua Linux, mfumo unaoendesha seva hiyo, ndivyo vinavyolipiwa. Sisi tulichanga vyuo sita vya Kisumu, Kakamega, Siaya na Bungoma, na mgao wa kila chuo ukawa mdogo kuliko tulichokuwa tukilipa peke yetu kwa mfumo wa awali. Majarida ya kielektroniki vyuo vya Kenya vimezoea kuyalipia kwa pamoja kupitia muungano wa maktaba uitwao KLISC. Vitabu vya karatasi ndivyo vilivyokuwa, kwetu sisi, kila mtu na chake.

Ndani ya programu kila chuo ni tawi. Kitabu kina rekodi moja inayotumiwa na wote: mwandishi, jina la kitabu, mwaka, mchapishaji. Chini ya rekodi hiyo zinaning'inia nakala, kila moja na tawi lake, bakodi yake na namba yake ya rafu. Hilo la namba ya rafu lilituokoa ugomvi mkubwa. Wawili wetu wanapanga vitabu kwa mfumo wa Library of Congress, wanne kwa Dewey, na hakuna aliyekuwa tayari kubandua lebo za maelfu ya vitabu. Kwa kuwa namba ya rafu hukaa kwenye nakala, fasihi ya Kiswahili inaendelea kuwa 896.392 kwetu, na wenzetu wa Library of Congress wana PL yao, na mwanafunzi anaona zote mbili kwenye ukurasa mmoja.

Bakodi ndizo zilizotutoa jasho. Kila chuo kilianza zamani kuhesabu kutoka 00001. Maana yake sote sita tulikuwa na kitabu namba 00125, na Koha haikubali bakodi moja kwa nakala mbili. Ikabidi tuweke herufi za chuo mbele ya kila namba na kuchapisha stika upya. Sisi hapa tulifanya hivyo likizo ya Agosti, watu wanne: mmoja anatoa kitabu kwenye rafu, mmoja anabandika stika mpya juu ya ile ya zamani, mmoja anafunika kwa selotepu pana isichubuke, wa nne anapiga skana na kukirudisha kitabu mahali pake. Tulijifunza siku ya kwanza kwamba stika ikibandikwa katikati ya jalada mashine haiisomi vizuri kitabu kikishajikunja. Iweke kona ya juu, upande wa nyuma. Ningekuwa naanza leo, kazi hii ingetangulia nyingine zote.

Kisha kuna rekodi zinazojirudia. Ukiipanga hivyo, Koha hulinganisha ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu, ikipokea rekodi mpya, ikikuta inayofanana inaongeza nakala tu. Lakini ISBN za tarakimu 10 ziligeuka kuwa 13 mwaka 2007, kwa hiyo kitabu kilekile kimoja kiliingia kwetu mara mbili, chuo kimoja kikiwa kimeandika namba fupi na kingine ndefu. Upo mpangilio unaoifanya programu ijaribu sura zote za ISBN. Tuliugundua wiki tatu baada ya kuanza kupakia, tukawa tumeshajaza marudio. Uwasheni kabla hamjapakia rekodi hata moja. Vitabu vingi vya kabla ya 1970 havina ISBN, na hivyo vinahitaji jicho la mtu.

Mfano ninaoupenda kuwaeleza wenzangu ni wa Ngũgĩ wa Thiong'o. Riwaya yake ya kwanza kuchapishwa, ya mwaka 1964, ilitoka kwa jina la James Ngugi. Tulipounganisha katalogi zetu tulimkuta mtu huyo mmoja chini ya Ngugi, James. Chini ya Thiong'o, Ngugi wa. Chini ya wa Thiong'o, Ngugi. Na chini ya Ngũgĩ wa Thiong'o, wengine wakiwa na vialama juu ya u na i, wengine bila. Mwanafunzi akitafuta kwa jina moja alipata theluthi ya vitabu na kudhani vimekwisha. Shaaban Robert naye, kuna waliomweka kwenye S na waliomweka kwenye R. Nilikaa katika kikao ambacho mzee mmoja, mkutubi mkongwe kuliko sisi sote, alitetea herufi T kwa saa nzima, na alikuwa na sababu zake: ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo rejesta yake yote ilivyoandikwa kwa mkono kwa miaka mingi. Tulimsikiliza mpaka mwisho. Kisha tukatumia kile Koha inachokiweza vizuri sana: rekodi ya jina. Unachagua umbo moja liwe kuu, hayo mengine unayaandika humohumo kama majina mbadala, na kuna mpangilio wa kuyaingiza kwenye utafutaji. Mzee akiandika kwa T bado anafika. Kuziunganisha rekodi za kitabu kilichoingia mara mbili ni kuzitia alama, kuchagua itakayobaki, na nakala zote kuhamia chini yake. Ni kazi ya subira, lakini siku niliyoona jina hilo limebaki moja tu, na vitabu vya vyuo vyote sita vimejipanga chini yake, nilimwita kila aliyekuwa ofisini aje aone.

Tulipata pigo moja zito. Koha iliyosakinishwa kwenye Debian, aina mojawapo ya Linux, hutengeneza nakala rudufu ya data yake kila siku, lakini huiweka kwenye mashine ileile. Kampuni tuliyoipa kazi ya kutunza seva haikuwahi kuihamishia kwingine ipasavyo. Stima ikapotea, ikarudi kwa kishindo, diski ikafa. Tulikuwa na nakala ya siku nne nyuma iliyokuwa kwenye diski ya mfukoni ya mwenzetu mmoja. Mikopo ya siku hizo nne tuliijenga upya kutoka kwenye daftari la kaunta, ambalo tulikuwa bado tunaliandika kwa mazoea. Tumeachana na kampuni hiyo. Sasa nakala huenda kila usiku kwenye mji mwingine, na kila mwezi tunajaribu kuirudisha ili tujue inafanya kazi. Daftari bado lipo kaunta, na litabaki hapo kwa siku ambazo intaneti haipo.

Jambo la taarifa za wanafunzi lisiachwe hadi mwisho kama tulivyoliacha. Mwanzoni mfanyakazi wa chuo chochote aliweza kufungua jina la mwanafunzi wa chuo kingine akaona namba yake ya simu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na hata bila sheria haikuwa haki kwa watoto wa watu. Koha inaruhusu kuzipanga maktaba katika vikundi na kuficha taarifa za wanachama wa kikundi kingine. Inawezekana, kwa sababu chuo kinachotuma kitabu hakihitaji simu ya msomaji. Kinahitaji kujua tu kitabu kinaenda tawi gani. Kitabu kikipigwa skana huko, programu inakiandika kuwa kiko njiani. Kikifika kwetu tunakipiga skana tena, na mwanafunzi anapata ujumbe.

Njia yenyewe ni matatu. Tuna makanga wawili tunaowaamini steji, tunalipa mzigo shilingi mia, tunapiga simu upande wa pili kuwajulisha namba ya gari. Bungoma huchelewa, Siaya hufika siku hiyohiyo.

Chuo cha saba, upande wa Busia, kimeomba kujiunga. Walituuliza wanunue kompyuta gani. Tumewaambia waje kwanza na rejesta zao na orodha ya waandishi, na mzee wetu ameshasema yeye ndiye atakayekaa nao.